Gitaa la umeme usiku wa manane, jirani akiwa amelala

Mpiga gitaa aliyechoka kugombezwa na majirani kwa kawaida huanza na amplifaya. Anaiuza ile ya wati 50, ananunua ya wati 5, anaiwasha saa tatu usiku, na ukuta unagongwa vilevile. Jirani hana roho mbaya. Hesabu ya wati ndiyo haiendi kama wengi wanavyodhani. Ukipunguza nguvu mara kumi, sauti hushuka kwa desibeli 10, na sikio la binadamu huisikia tofauti hiyo kama nusu tu ya ukali wa mwanzo. Kwa hiyo wati 5 hazipigi kelele moja ya kumi ya wati 50. Zinapiga nusu.

Halafu kuna spika yenyewe. Celestion Vintage 30, spika ya inchi 12 inayofungwa kwenye maboksi mengi ya gitaa, hutajwa na watengenezaji wake kuwa na desibeli 100 kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake. Wati moja! Ili ishuke hadi desibeli 70, kama runinga iliyofunguliwa vya kutosha sebuleni, inabidi uipe sehemu moja ya elfu ya wati. Hapo ndipo raha inapoisha. Unono wa gitaa lenye mkwaruzo hutoka sehemu tatu: hatua ya kwanza ya amplifaya, hatua ya mwisho inayosukuma spika, na karatasi ya spika inapotikiswa hadi inaanza kulalamika. Sehemu ya kwanza haidai kelele. Mbili zilizobaki zinaidai, na ukizinyima nguvu unabaki na sauti nyembamba kama ya redio ndogo.

Wengine hukimbilia ukuta. Studio nyingi za mitaani zimebandikwa trei za mayai kuanzia sakafuni hadi darini, na mwenye chumba anaamini sauti haitoki. Inatoka. Trei ya mayai ni karatasi, na kinachozuia sauti kupita ni uzito: tofali, zege, plasta. Sponji na mapazia mazito hupunguza mwangwi wa sauti kali ndani ya chumba, jambo lenye faida yake, lakini besi huvipita kama havipo. Hata ukuta mzuri wa tofali hausaidii ukiwa na matundu. Uwazi wa asilimia moja tu ya eneo la ukuta unatosha kuufanya ukuta wote usizuie zaidi ya desibeli 20, hata kama sehemu iliyobaki ni zege tupu. Dirisha la luva, matundu ya hewa juu ya mlango na ile nafasi chini ya mlango inayopitisha vidole vitatu vikijumlishwa vinazidi asilimia hiyo. Nyumba zetu zimejengwa zipumue, na sauti hupita palepale panapopita upepo.

Dawa basi ni kutotikisa hewa kabisa. Gitaa linaingia kwenye kompyuta kwa waya, amplifaya na spika vinaigizwa na programu, na wewe unasikiliza kwa hedifoni. Wazo hili halikuanza na kompyuta: Tom Scholz wa bendi ya Boston alitoa Rockman mwaka 1982, kiboksi cha kuvaa kiunoni chenye sauti ya gitaa iliyokwisha kutengenezwa, na Line 6 wakaleta POD mwaka 1998. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi uigizaji umefika mahali ambapo makosa yanayosikika kwenye rekodi za nyumbani mara nyingi si ya programu. Yako kwenye viungo vidogo kabla yake na baada yake, na ndivyo tutakavyovikagua kimoja kimoja.

Tundu la kuingilia

Pikapu ya gitaa (si ile ya kubebea mchanga) ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Inatoa umeme dhaifu, na haipendi kuelemewa. Tundu la kawaida la laini kwenye kadi ya sauti (kiboksi kinachoingiza sauti kwenye kompyuta) lina impidansi, yaani ukinzani wake kwa umeme unaoingia, ya kama kiloomu 10 hivi. Ukichomeka gitaa hapo, trebo inazama na sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi, na hakuna kitufe cha programu kitakachoirudisha vizuri. Gitaa linataka tundu la takriban megaomu 1, lile lililoandikwa INST au Hi-Z, au lenye alama ya gitaa. Kwenye kadi nyingi ndogo za tundu mbili, kama Focusrite Scarlett, tundu ni lilelile na kuna swichi ya kubadilisha matumizi. Swichi hiyo ikisahaulika, mtu anaweza kukaa wiki nzima akinunua plagini (programu ndogo za kuongeza ndani ya programu ya kurekodi) za kutafuta ung'avu alioupoteza mlangoni.

Waya nao una sauti yake. Kila mita ya waya wa gitaa hubeba kapasitansi ya takriban pikofaradi 100, na kadiri inavyoongezeka ndivyo kilele cha ung'avu wa pikapu kinavyoteremka. Waya wa mita 3 unatosha kwa mtu aliyekaa kitini. Ule wa mita 10 wa jukwaani uache jukwaani, isipokuwa kama unataka sauti nyeusi kidogo kwa makusudi, maana wapo wanaoipenda.

Kiwango

Weka rekodi kwenye biti 24 na kilohezi 48. Piga gitaa kwa nguvu zote, kama utakavyopiga kwenye kiitikio na si kama unavyojaribu waya, na utazame mita ya programu. Vilele vifike karibu na desibeli -12 na visivuke -6. Taa nyekundu ya kadi ikiwaka hata mara moja, shusha geini, yaani kitufe cha kukuza sauti inayoingia. Mkwaruzo wa amplifaya ni mtamu kwa sababu mawimbi huviringwa taratibu. Mkwaruzo wa kadi ya sauti ni mawimbi yaliyokatwa kwa shoka, hautibiki, na programu ya amplifaya itaukuza badala ya kuuficha.

Kuna jambo linalowapita wengi hapa. Programu ya amplifaya haijui gitaa lako. Inasoma ukubwa wa sauti inayoingia na kuamini ndiyo nguvu ya pikapu zako. Ukiingiza juu mno, hata amplifaya safi itaanza kukwaruza. Ukiingiza chini mno, ile yenye moto itapooza. Anayelalamika kwamba mpangilio aliopewa na rafiki hausikiki kama kwa rafiki, mara tisa kati ya kumi tofauti iko kwenye kitufe cha geini.

Na kila mara hifadhi rekodi kavu, yaani gitaa lilivyoingia kabla ya programu kuligusa. Programu nyingi za kurekodi, kama Reaper, hufanya hivyo zenyewe ukiweka plagini ya amplifaya kwenye njia ya kusikilizia. Mpigo mzuri uliopatikana saa nane usiku unaweza kubadilishiwa amplifaya mwezi ujao bila kuupiga tena.

Spika ndiyo nusu ya sauti

Kama kuna sehemu moja ya makala hii ya kusoma mara mbili, ni hii. Spika ya gitaa ni chujio kali kuliko watu wanavyofikiri. Juu ya kilohezi 5 hivi huanza kukata kwa kasi, chini ya hezi 80 haina kitu, na katikati ina milima na mabonde yake. Mkwaruzo wa amplifaya, kabla haujapita kwenye spika, ni kelele kavu ya nyuki ndani ya kopo la rangi. Spika ndiyo inayougeuza kuwa muziki.

Kwenye kompyuta kazi hiyo hufanywa na faili fupi la sauti linaloitwa IR. Ni alama ya kidole ya spika fulani, ndani ya boksi fulani, mbele ya maikrofoni fulani iliyowekwa mahali fulani. Mtu alipitisha sauti ya majaribio kwenye spika hiyo, akaipiga kwa kelele zote stahili, labda kwenye studio iliyo mbali na binadamu, akanasa matokeo. Wewe unatumia matokeo hayo chumbani kwako kimyakimya. Kelele ilishapigwa na mwingine.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kukosa spika: umeweka amplifaya ya programu lakini hakuna IR baada yake, unasikia nyuki. La pili ni kuwa na spika mbili: programu tayari ina spika yake ndani, nawe umeongeza IR juu yake, na gitaa linasikika kama limefungiwa ndani ya pipa. Hili huwapata sana wanaotumia Neural Amp Modeler, programu ya bure ambayo hupakia amplifaya halisi zilizonaswa na watu mbalimbali. Baadhi ya mafaili hayo ni kichwa cha amplifaya peke yake, mengine yamenaswa pamoja na spika. Soma maelezo ya faili kabla ya kupakia. Ukishindwa kujua, zima IR: kama sauti bado inavumilika masikioni, spika ilishakuwemo.

Kuchagua IR ni kazi inayostahili muda kuliko kuchagua amplifaya. Badilisha amplifaya mbili zinazokaribiana, tofauti utaitafuta. Badilisha IR ya spika ileile, maikrofoni ikitoka katikati ya koni kwenda pembeni kwa sentimita 3 tu, na gitaa linakuwa lingine: katikati kuna ukali unaochoma, pembeni kuna giza na unene, na penye mpaka wa kile kikombe cha katikati na karatasi ndipo mafundi wengi huanzia. Usifungue folda ya IR mia nne. Chukua tano, zisikilize zikiwa zimelinganishwa sauti, wimbo ukiwa unaendelea, bakiza moja. Zilizo na sauti kubwa kidogo zitakudanganya kuwa ni nzuri zaidi. Na ukichanganya mbili kisha besi ikatoweka, mawimbi yao yanapingana. Geuza polariti ya moja (mawimbi yake yageuke juu chini), au sogeza moja kwa sehemu ndogo ya milisekunde hadi unene urudi.

Kwa solo la dansi

Maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa wapiga roki, wenye kiu ya mkwaruzo. Anayepiga rumba, benga au sebene ana kazi nyepesi zaidi, kwa sababu gitaa lake ni safi na halitegemei amplifaya kuteswa. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975 ikiwa na transista na korasi yake ndani (athari ya kunenepesha sauti), ilijengewa jina kwa usafi wake, na usafi ni kitu ambacho programu huigiza bila jasho.

Msururu wa kuanzia ni huu. Pikapu ya nyuma au ya kati na ya nyuma pamoja. Kompresa (kifaa kinachobana noti kali) ya uwiano wa 4 kwa 1, shambulio la milisekunde 20 hivi ili kidole kisikike kabla haijabana, ikibana desibeli 4 hadi 6 kwenye noti kali. Amplifaya safi, besi chini ya nusu. IR yenye ung'avu, au usiweke IR kabisa: kwa gitaa safi kuiruka spika si dhambi, na ule mlio wa kioo unaopatikana gitaa likiingia moja kwa moja una mahali pake kwenye solo la juu. Kisha korasi ya taratibu (hapa ni kifaa, si kiitikio), na dilei ya nusu pigo ikiwa chini sana, asilimia 15 au 20. Kata kila kitu chini ya hezi 120, maana huko kuna gitaa la besi na kiki, nao hawapendi wageni.

Gitaa la ridhim na second solo virekodiwe kweli, kila kimoja kwa mkono wake. Kunakili sehemu moja na kuitupa kushoto na kulia hakufanyi magitaa mawili. Kunafanya gitaa moja lenye sauti kubwa zaidi, likiwa palepale katikati. Upana hutokana na tofauti ndogondogo za mikono. Kwa wapiga roki kanuni ni ileile, na nyongeza moja: ukipiga mara mbili, punguza geini kwa robo, kwa sababu mikwaruzo miwili ikikutana hujumlishana na maneno ya kidole yanapotea.

Kuchelewa

Ukigusa waya na sauti ikafika baadaye kidogo, mkono huanza kusitasita na groove inakufa. Kinachoamua ni bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuishughulikia. Sampuli 128 kwa kilohezi 48 ni milisekunde 2.7 kuingia na nyingine kama hizo kutoka, ongeza za kadi na USB, jumla hukaa chini ya 10. Sauti husafiri mita 3 kwa milisekunde 9 hivi, kwa hiyo ni kama umesimama mita 3 kutoka kwenye amplifaya yako, jambo ambalo hakuna mpiga gitaa aliyewahi kulilalamikia. Kwa sampuli 512, unavuka 20, na hapo utahisi. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (programu inayounganisha kadi na kompyuta kwa haraka) ya mtengenezaji wa kadi. Rekodi kwa 128, kisha wakati wa kuchanganya pandisha hadi 1024 ili kompyuta ipumue. Simu nyingi za Android bado huchelewa kwa kiwango kinachokera. iPhone na iPad ziko vizuri.

Mvumo

Umeme wetu ni wa hezi 50, na pikapu za koili moja huunasa kama antena. Kabla ya kununua chochote, zungusha kiti. Kuna pembe ambayo mvumo unashuka sana, na mara nyingi ni robo mzunguko tu kutoka ulipokuwa. Simu iwe mbali kwa mita moja au zaidi. Chomoa chaja ya laptopu na urekodi kwa betri; chaja za pini mbili huleta mlio mwembamba wenye kuchezacheza ambao watu huudhania kuwa ni kadi mbovu.

Mvumo ukipungua ukigusa nyuzi, hilo ni la kawaida: nyuzi zimeunganishwa na ardhi ya gitaa, na mwili wako ndio uliokuwa unaokota kelele. Ukihisi mtekenyo wa umeme kwenye nyuzi, hiyo si habari ya sauti tena. Zima, uchomoe. Soketi ina matundu matatu lakini nyumba nyingi za kupanga hazina waya wa ardhi uliofika popote, ule ambao mafundi huuita ethi. Mwite fundi umeme apime. Na usimsikilize anayekushauri ukate pini ya ethi ili mvumo uishe. Unaweza kuisha pamoja na wewe.

Geti la kukata kelele liwe la mwisho kuwekwa, baada ya kuondoa mvumo kwenye chanzo. Likikazwa sana hula mikia ya noti ndefu.

Mwenye amplifaya ya valvu

Kama una amplifaya ya valvu uipendayo, usiichomoe spika na kuiwasha hivihivi. Bila mzigo, volti kwenye transfoma ya kutolea hupanda hadi kuruka cheche, na transfoma hiyo ndiyo kipuri ghali kuliko vyote ndani. Wala usichomeke tundu la spika kwenye kadi ya sauti, utaiunguza. Kinachohitajika ni kiboksi cha mzigo, kama Two Notes Captor, chenye omu zilezile za tundu unalotumia: 8 kwa 8, 16 kwa 16. Kinapokea nguvu yote na kuigeuza joto, huku kikitoa laini ndogo kwenda kwenye kadi, ambako utaweka IR. Chagua chenye mzigo unaoiga spika badala ya kipinga kitupu. Omu za spika halisi hupanda mara kadhaa karibu na hezi 100 na hupanda tena kwenye sauti za juu, na amplifaya ya valvu huitikia hilo kwa besi yenye mdundo na trebo hai. Kwa kipinga kitupu hujibu kama mtu aliyelazimishwa. Kiboksi kipate hewa, kisifunikwe nguo.

Sikio la usiku

Utafiti wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 ulionyesha kuwa sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kwanza. Ndiyo maana mpangilio uliopikwa saa sita usiku kwa sauti ya chini, asubuhi kwenye spika huwa na besi ya kutisha na trebo inayochoma: ulikuwa unalipia kile ambacho sikio halikusikia. Sikiliza kwa kiwango cha mtu anayeongea karibu nawe, usikiguse usiku kucha, na weka pembeni wimbo uliokwisha kutoka, ulioshushwa hadi sauti yake ilingane na wako. Hedifoni pia huondoa chumba, gitaa likawa limekaa ndani ya kichwa. Riverbu fupi ya chumba, nusu sekunde, kwa asilimia 10, hurudisha umbali. Uamuzi wa mwisho wa besi usubiri mchana.

Faida moja ya njia hii haitajwi vya kutosha. Hakuna maikrofoni, kwa hiyo mvua ikipiga mabati, bodaboda ikipita au jenereta la duka likinguruma, hakuna kinachoingia kwenye rekodi. Wewe humsikii jirani, naye hakusikii. Isipokuwa mguu. Anayekaa ghorofani na kuhesabu pigo kwa kisigino anapeleka kiki kamili kwenye dari ya mtu wa chini, kwa sababu zege husafirisha mtikisiko vizuri kuliko hewa. Vua kiatu, weka kipande cha zulia nene au sponji chini ya kiti na mguu, au hesabu kwa kidole gumba ndani ya soksi.